Mheshimiwa Chini ya Meza ya Pasi

Mke wa Fundi aliingia uani mchana kweupe na beseni kichwani, na ndani ya beseni hamkuwa na nguo. Alilitua polepole kama mtu anayetua mayai, akafunua taulo.

"Wifi, njoo uone nilichookota."

Dobi hakwenda. Pasi ilikuwa mkononi, mkaa umekolea, koti jeupe la daktari limetandazwa mezani, na pasi iliyokolea haimngoji mtu. Alinyoosha shingo tu. Ndani ya beseni alikuwamo mtoto wa mbwa, mweusi mgongoni, miguu ya rangi ya kahawia, minene isiyolingana na mwili wake, kana kwamba ameazima viatu vya kaka yake. Sikio moja lilikuwa limesimama wima. La pili lilikuwa limelala shavuni kama jani lililokosa maji.

"Alikuwa ndani ya boksi kule jalalani, nyuma ya maghorofa. Amelia mpaka sauti imemkauka. Wewe ungeweza kumpita, wifi?"

"Ningempita," Dobi alisema. "Tuna mbwa."

Mbwa waliyekuwa naye alilala pale pale alipolala siku zote, chini ya meza ya pasi, ambapo joto la mkaa humfikia mgongoni. Aliitwa Posta. Mdomo wake ulikuwa umeota mvi, jicho moja lilikuwa na ukungu, na akiinuka ilimbidi kwanza aifikirie miguu ya nyuma. Aliinuka. Akalisogelea beseni, akamnusa yule mgeni kichwa, tumbo na mkia, akarudi kulala bila kutoa neno.

"Umeona? Amempenda!" wifi yake alicheka.

"Amechoka," Dobi alisema, akaigandamiza pasi kwenye kola.

Jioni kaka yake Dobi alirudi kutoka kazini, rangi ya nyumba za watu imemganda mpaka kwenye kope. Alikuwa mdogo wa Dobi kwa miaka kumi na miwili, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Alichuchumaa, akamshika mtoto wa mbwa kidevu, akamtazama meno kama mnunuzi.

"Huyu si koko," alisema. "Huyu ana ukoo. Nawaona huko ninakopaka rangi, wanalala kwenye magodoro kutuzidi sisi. Huyu akikua anamla mwizi mzima na viatu vyake."

"Mwizi gani?" Dobi alidakia. "Aje kuiba nini hapa, maji ya sabuni?"

Zamani Fundi angecheka mpaka akaegemea ukuta. Siku hiyo alitabasamu upande mmoja tu, kisha akamgeukia mkewe. "Tumwite nani?"

"Mtazame anavyokaa," mkewe alisema. "Kama anasubiri kipaza sauti."

"Basi Mheshimiwa!"

Hapo ndipo walipocheka, wote wawili, vichwa vimekaribiana juu ya beseni. Dobi alikunja koti la daktari mikono nyuma, akalipiga kofi lisilo la lazima.

*

Kazi ya Dobi ilikuwa ya kota za hospitali. Nyumba kumi na moja zilizofanana kama meno ya chanuo, na ndani yake madaktari, wauguzi na watu wa maabara, wote wa makoti meupe. Kila nyumba ilikuwa na mfuko wake wa kitambaa cheupe, na kila mwenye mfuko alikuwa ameandika jina lake kwa wino. Dobi alifua mfuko kwa mfuko. Makoti ya nyumba moja aliyaanika kwenye kamba moja, na mfuko wenyewe akaubana mwishoni mwa kamba kama bendera, ili yasichanganyike. Makoti aliyafua, akayatia bluu na wanga, akayapiga pasi. Mifuko hakuifua hata siku moja.

Watu walidhani ni uvivu. Haukuwa uvivu. Jumatano na Jumamosi alipopeleka nguo, alisukuma toroli mpaka geti la kwanza, akasimama kana kwamba anapumzika. Posta alinusa nguzo ya geti, akarudi kwenye toroli, akapitisha pua juu ya mifuko kumi na mmoja, akaugusa mmoja. Dobi akauchukua ule, akabisha hodi. Wenyewe walimsifu: makoti yote yale meupe, na Dobi hajawahi kukosea. Yeye aliinamisha kichwa tu, na watu wakaona ni adabu.

Hakuna aliyejua, hata mdogo wake wa tumbo moja. Yale majina ya wino kwa Dobi yalikuwa mikwaruzo, kama njia za mchwa ukutani. Na yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Yeye ndiye aliyelipa kodi ya chumba hata kabla Fundi hajajua kushika brashi. Mtu wa namna hiyo anaanzaje kusema?

Kisha akaja wifi. Wifi alisoma kila kitu kwa sauti: karatasi ya kufungia chumvi, gazeti la kufunikia dirisha, maandishi kwenye magunia. Aliyasoma hivi hivi, kwa raha, kama mtu anayetafuna karanga. Na kila aliposoma, Dobi aliona kama ameshushwa kidogo kwenye kigoda chake cha ukubwa.

*

Mheshimiwa alikuwa na wageni. Muuza mkaa alikuja kumtazama. Mama wa genge alikuja. Dereva wa gari la wagonjwa, aliyekuwa akipitia nguo zake mwenyewe, alisimama uani robo saa nzima akimsifu.

"Dada Dobi, mmeokota mali. Mtunzeni. Huyu si kama…" Akatazama chini ya meza, akameza maneno.

"Malizia," Dobi alisema. "Si kama nani?"

"Aa, si kama hawa wa mitaani."

"Huyo wa mitaani amekusalimia vizuri ulipoingia. Chukua koti lako."

Fundi, aliyekuwa akisahau kununua sukari, hakusahau maziwa ya Mheshimiwa. Wifi alimkatia sweta lake kuukuu akamtandikia. Na Mheshimiwa hakulala kwenye sweta. Alilala chini ya meza ya pasi, tumboni mwa Posta, na chakula alikula kwenye sahani ya Posta, miguu yote miwili ya mbele ikiwa ndani. Posta alikaa pembeni akisubiri, ulimi nje, mpole kama babu kwenye foleni.

Hili lilimuuma Dobi kuliko yote. Asubuhi moja walipobaki wawili aliinama chini ya meza.

"Huna hata aibu? Anakula chako, analala pako, na wewe unamlamba masikio. Mng'ate kidogo basi. Mara moja tu, ajue."

Posta alipiga mkia chini mara mbili, akaendelea kulamba lile sikio lililolala.

"Mjinga mkubwa wewe," Dobi alimwambia, na macho yakamlowa, akasingizia moshi wa mkaa.

*

Ijumaa Mheshimiwa aliikojolea mifuko. Ilikuwa imerundikwa kwenye kona kwa mpangilio wa kamba zake, ikisubiri makoti yaanuliwe, naye akaipanda kama kilima, akachagua pa kukojolea, akachagua tena. Dobi alikuwa sokoni kununua sabuni. Aliporudi alikuta mifuko kumi na mmoja inang'aa juani, inachuruzika maji, yote kwenye kamba moja kwa mpangilio ule ule.

"Usikasirike, wifi," mke wa Fundi alisema, mikono yote povu. "Mtoto ameichafua. Nimeitia na dawa ya madoa. Tena ilikuwa inanuka, haki ya Mungu! Wino sijaufuta, nimeukwepa. Majina yote yanasomeka."

Dobi aliushika mfuko mmoja. Akauleta puani. Ulinuka sabuni. Akashika wa pili, wa tatu. Sabuni.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nilitaka kukusaidia."

"Umesaidia," Dobi alisema. "Umesaidia sana. Safari nyingine kaa na mbwa wako mniachie kazi yangu."

"Wifi, mifuko tu?"

Dobi aliurudisha mfuko kwenye kamba, akaubana. 

Jumamosi alisukuma toroli kama kawaida. Kwenye geti la kwanza Posta alinusa nguzo, akarudi, akapitisha pua juu ya mifuko. Akaipitisha tena. Akapiga chafya. Kisha akakaa chini, akamtazama Dobi kwa lile jicho lake zima, na Dobi akaona kwamba mbwa naye ameona haya.

Alikisia. Mfuko mnene alimpa daktari wa mifupa kwa sababu ni mtu mnene. Mwembamba alimpa muuguzi wa watoto. Geti la nne alikuwa bado hajafika, alipoitwa kutoka nyuma.

"Dobi! We Dobi! Hebu geuka!"

Daktari wa mifupa alisimama barazani amevaa koti lililomfika kiunoni, mikono imekomea kwenye kiwiko, na vifungo havitaki hata kukaribiana. Wauguzi wawili waliokuwa wakipita walishika midomo.

"Nimerefuka usiku huu, au umenipa la mwanao?"

"Samahani, daktari. Jua limenipiga."

"Jina liko hapa, limeandikwa kubwa kama kibao cha duka!"

Kicheko kikatembea geti kwa geti. Matroni, mkuu wa wauguzi, ndiye ambaye hakucheka. Alitoka na miwani yake kwenye ncha ya pua, akapanga mifuko yote chini, akasoma majina moja moja kwa sauti, akiinyooshea kidole nyumba ya kila mmoja, na Dobi akawa anaipeleka, anarudi, anapeleka mwingine, kama mtoto anayetumwa na mwalimu. Mwishoni Matroni alisema taratibu, na utaratibu wenyewe ndio uliochoma:

"Dada, miaka yote hii hatujawahi kukulalamikia. Lakini hospitali imepata mashine. Wengine hapa wanasema tupeleke nguo kule. Mimi ndiye ninayewazuia. Usinifanye nionekane mwongo."

"Ndiyo, Matroni."

"Na huyo mbwa wako mpumzishe. Anatembea kwa shida. Nasikia mmepata mwingine mzuri."

"Ndiyo, Matroni," Dobi alisema, na njia nzima ya kurudi hakumsikia mtu aliyemsalimia.

*

Ilikuwa kwenye ukuta wa muuza mkaa alikoiona ile karatasi. Picha ya rangi: mtoto wa mbwa, mgongo mweusi, miguu ya kahawia, kakaa kama anasubiri kipaza sauti. Chini yake maneno makubwa, na chini ya maneno namba yenye masifuri mengi. Namba Dobi alizijua, maana pesa humfundisha mtu namba hata asipotaka. Maneno ndiyo yaliyomkatalia.

"Unayaona mambo ya watu wa geti jeusi?" muuza mkaa alisema akipima debe. "Mbwa, na pesa yote hiyo!"

Moyo wa Dobi uliruka. Basi wanamtafuta. Mwenyewe yupo, analia, anatoa zawadi. Si kuiba, si kutupa, ni kurudisha haki ya mtu. Alipoona muuza mkaa ameinama, aliibandua karatasi akaitia kifuani.

Alisubiri mpaka Jumatatu, wifi yake alipokwenda kisimani. Alimfunga Mheshimiwa ndani ya taulo lile lile alilokuja nalo. Posta akaamka, akaifikiria miguu yake, akafuata. "Baki," Dobi alimwambia. Hakubaki. Walipanda kilima polepole, Dobi mbele, Posta nyuma, na Mheshimiwa begani mwa Dobi akimlamba shingo, jambo ambalo hakulitaka, na ambalo hata hivyo alilihisi joto lake njia nzima.

Kwenye geti jeusi kule juu mlinzi alimwita mwenye nyumba. Alitoka mwanamke wa ndala laini, nywele zimefungwa taulo.

"Nimemleta mbwa wenu aliyepotea," Dobi alisema.

"Hatujapoteza mbwa."

Dobi alitoa ile karatasi. "Si mmetangaza?"

Yule mama aliitazama karatasi, kisha akamtazama Dobi, kuanzia aproni yenye maji ya sabuni mpaka kandambili. "Hapa tumeandika kwamba tunauza watoto wa mbwa. Hukusoma?"

"Nimesahau miwani nyumbani."

"Aha," yule mama alisema, na ile "aha" ilikuwa ndefu.

Dobi aligeuka aende zake. Ndipo yule mama alipoona. "Subiri. Hebu mshushe." Akaita, "Mlinzi! Huyu si yule tuliyemtoa? Yule wa sikio bovu?"

Dobi alimtazama Mheshimiwa, na kwa mara ya kwanza akaona kitu ambacho nyumba nzima ilikuwa haijakiona kwa kukizoea. Sikio lililolala lilikuwa limesimama, wima, sawa na mwenzake.

"Limesimama!" yule mama alicheka. "Kumbe alihitaji muda tu. Nani angenunua mbwa wa sikio bendera? Haya mama, ahsante, mmemlisha vizuri."

"Lakini kama mlimtupa…"

"Wa kwetu. Mama yake yuko ndani. Au tumwite mwenyekiti wa mtaa tubishane?"

Akamsukumia noti moja mkononi. "Ya sabuni," alisema. Mkono wa Dobi ukafumba kabla mwenyewe hajaamua, na geti likafungwa. Posta alikaa mbele ya lile geti mpaka Dobi alipomshika ngozi ya shingo akamvuta.

*

"Ametoka," alimwambia wifi yake. "Nilikuwa naanika. Geti lilikuwa wazi."

Wifi hakuuliza neno la pili. Alikimbia. Alizunguka mtaa akiita "Mheshimiwa! Mheshimiwa!" mpaka watu wakatoka kuona ni kiongozi gani amekuja, na kandambili ilipokatika akaendelea na mguu mmoja. Alirudi na vumbi mpaka kifuani, akakaa kwenye kizingiti akalia kwa sauti, bila kujificha, na Fundi alipofika akamkumbatia na rangi yake yote.

Dobi alipiga pasi. Alikuwa ametegemea kupumua. Nafasi chini ya meza ilikuwa imerudi, sahani imerudi, na Posta alikuwa ameipa sahani mgongo. Na yeye Dobi, badala ya kupumua, alijikuta anakionea wivu hata kile kilio. Yeye alipolia, moshi ndio uliosingiziwa.

"Nitaandika matangazo," wifi alisema asubuhi yake. Alikata daftari, akaandika karatasi nane, ulimi nje kidogo. "Kuchora sijui, ningemchora. Nitayabandika leo."

"Nipe mimi," Dobi alisema haraka. Alikuwa anaiona njia ya kilimani na lile geti jeusi. "Wewe pumzika. Napita huko kununua sabuni."

"Ahsante, wifi," mke wa Fundi alisema, akamshika mkono. "Najua hukumpenda. Ndiyo maana nakushukuru zaidi."

Dobi alikoroga wanga mzito kwenye kopo, akazunguka. Alibandika mbali na kilima. Kila karatasi aliitazama kabla, akaigeuza, akaigeuza tena, akaipaka wanga, akaigandamiza ukutani kwa kiganja kizima, vizuri, bila mkunjo. Kazi yake siku zote ilikuwa safi.

*

Kesho yake saa kumi Fundi aliingia uani anacheka peke yake, karatasi mkononi bado ina plasta ya ukuta.

"Mtaa mzima una maumivu ya shingo! Nimehesabu tano. Mbili ziko sawa, mbili ziko kichwa chini miguu juu, na moja imelala ubavu kama mgonjwa. Muuza mkaa anasema, huyu mbwa mnayemtafuta anatembea juu ya dari? Nani alibandika?"

Pasi ilisimama. Dobi aliangalia kola iliyokuwa mbele yake.

Wifi alikuwa anakamua shuka. Aliinua uso akamtazama Dobi, na Dobi akayaona yakipita usoni mwake, moja baada ya jingine, bila haraka: majina ya wino, mifuko iliyofuliwa, daktari wa mifupa na koti la kiunoni, mbwa mzee anayenusa toroli.

"Ni mimi," wifi alisema.

"Wewe? Si dada ndiye aliyeondoka nazo?"

"Nilimpokea njiani. Nilikuwa nalia, sikuona vizuri."

"Msomi wangu mimi!" Fundi alijipiga paja. "Darasa zote zile, na unabandika karatasi ubavu!"

Mkewe akacheka naye. Alikuwa na macho mekundu bado, na alicheka, akakubali kuchekwa, kama mtu anayempa mwenzake kiti kwenye basi. Hapo ndipo wivu ulipomshika Dobi kweli. Wa maziwa ulikuwa mchezo, wa sweta ulikuwa mchezo. Huyu msichana alikuwa na kaka wa Dobi, alikuwa na herufi zote, na sasa alikuwa na wema wa kutoa heshima yake bure, wala haimpungui.

"Hata aibu yangu unataka iwe yako?" Dobi alisema.

Wote wawili walimgeukia.

"Ni mimi niliyebandika. Sijui kusoma. Hata jina langu sijui linavyokaa."

Fundi alibaki na kicheko mdomoni, hajui pa kukiweka. "Dada. Na mifuko? Miaka yote hii?"

"Posta."

"Posta nini?"

"Anainusa. Ananionyesha wa nani."

Fundi aliinama akatazama chini ya meza, kama anamtazama mpangaji ambaye hajawahi kumsalimia. "Kwa hiyo msomi wa nyumba hii ni mbwa?"

"Ndiye."

"Na mimi nilifua mifuko," wifi alisema taratibu. "Wifi, kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba umefua macho yangu?" Dobi aliiweka pasi kwenye kigae chake. Lililobaki lilikuwa zito zaidi, na aliona akilinyamazia sasa halitatoka tena. "Na Mheshimiwa hakutoka mwenyewe. Nilimpeleka mimi. Yuko kwenye geti jeusi. Walinipa hii." Noti ilikuwa bado kwenye mfuko wa aproni, imelowa, imekauka, imelowa. Aliiweka juu ya koti.

Wifi hakuigusa. "Kwa ajili ya mifuko?"

"Hapana. Kabla ya mifuko. Tangu ulipolitua beseni."

Fundi alifungua mdomo, na mkewe akamnyamazisha kwa kiganja bila kumtazama. Alijifuta mikono kwenye sketi. Hakulia, na kule kukosa kulia kulimtisha Dobi.

"Twende," alisema. "Utaongea wewe."

*

Dobi aliongea. Alisimama mbele ya geti jeusi, wifi kushoto, Posta anahema miguuni, akasema yote mbele ya mlinzi: kwamba mbwa hakuwa wa kwake kumrudisha, kwamba aliyemwokota ni huyu, kwamba noti hii hapa.

Mwenye nyumba alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mkali. "Naelewa," alisema. "Lakini ameshalipiwa nusu. Mtu anakuja Jumapili. Mkiweza kulipa kama yeye, mimi sina ubaya." Akaitaja bei.

Ilikuwa makoti ya mwaka mzima, bila kula. Wifi aliitikia kwa kichwa kana kwamba ametajiwa bei ya nyanya.

"Naweza kumwona?"

Walimfungua mbwa, hawakufungua geti. Mheshimiwa alikuja mbio juu ya nyasi, masikio yote mawili juu, mkanda mpya mwekundu shingoni. Alipitisha pua kwenye nondo, akamlamba Posta mdomo wenye mvi, akamlamba wifi vidole. "Mheshimiwa," wifi alimwita kwa sauti ya chini. "Mheshimiwa wangu."

Ndani ya baraza mtu alipiga mluzi mara mbili. Mheshimiwa akageuka. Hakusita hata kidogo. Alikimbia kwenda kule kwenye mluzi, miguu yake minene ikirushwa huku na huku, akamrukia msichana aliyekuwa ameshika bakuli, akamlamba vile vile alivyowalamba wao, hakupunguza wala hakuongeza.

Dobi alimtazama wifi yake. Aliiona midomo iliyobanwa, shingo iliyosimama, macho yanayomfuata yule msichana wa bakuli na kumpima kila kitu alichonacho. Uso ule aliujua. Alikuwa ameuvaa mwenyewe, juu ya meza ya pasi, tangu siku ya beseni.

"Usimtazame," alimwambia. "Ukimtazama ndiyo inauma."

"Wewe ulikuwa unafanyaje?"

Dobi alifikiri kidogo.

"Nilikuwa namtazama," alisema.

Wifi alitoa pumzi iliyokuwa nusu kicheko, na hiyo nusu ya pili Dobi hakuiuliza. Walisimama pale, mikono yao kwenye nondo zile zile, wakitazama, mpaka bakuli likaisha na mlango wa baraza ukafungwa.